DVD ya Windows inaleta skrini ya bluu, lakini ndani laptopu ni nzima

mkazi_nkuhungu
Habari wakuu. Laptopu ni Core i5 ya zamani, ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine) GB 4, vipande viwili vya GB 2. Windows iliyomo inapiga kazi bila shida. Nikiweka DVD ya kusakinisha Windows 10 na kuichagua kwa kitufe cha F12 wakati wa kuwasha, nembo inatokea, kisha skrini ya bluu na inajiwasha upya. Maandishi ya kosa hubadilika kila mara. Nimejaribu DVD mbili.

fundi_kizota
Mkuu, hapo kwenye "hubadilika" ndipo pa kuanzia. DVD mbovu kwa kawaida hukwama palepale, au husema faili fulani halisomeki. Makosa ya kubadilikabadilika, mshuku wa kwanza ni ramu. Ukiwasha kwa DVD, faili la boot.wim lenye kisakinishi, mamia ya MB, hupakiwa lote kwenye ramu na kisakinishi kinaendeshwa humo humo. Windows ya kila siku inaweza kukaa muda mrefu bila kugusa eneo bovu.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched (kipimaji cha ramu cha Windows yenyewe), iache ipime. Kali zaidi ni programu ya kupima ramu, Memtest86+, kwenye flashi, izunguke mara 2 au zaidi. Kosa hata 1 ni ubovu.

vumbi_areaC
Au pima kwa mkono. Chomoa chaji, toa betri, kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 15. Toa ramu zote, sugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, ondoa mabaki kwa brashi laini (kwa vumbi letu hili la kiangazi, na feni isafishe hapohapo). Rudisha kimoja, jaribu DVD, kisha kingine.

Halafu Windows 10 za karibuni mara nyingi hazienei kwenye DVD ya GB 4.7. Kama yako imeenea, huenda ni toleo la zamani au kuna mtu kaipunguza.

mkazi_nkuhungu
Kipande cha kwanza: imefika hadi kuchagua lugha. Cha pili: bluu. Ninunue kingine?

fundi_kizota
Subiri. Ulivipima kwenye nafasi ileile (tundu la kuchomekea ramu)? Kama kila kimoja kilikaa kwake, hamishia kile kizima kwenye nafasi ya pili. Ikileta bluu, mbovu ni nafasi, na ramu mpya ni hela ya bure. Ukinunua, soma lebo, PC3 na PC3L ni aina za ramu ya DDR3: PC3L ya volti 1.35 hufanya kazi pia kwenye mashine ya PC3 ya volti 1.5, lakini mashine inayodai PC3L inaweza kuikataa PC3.