Tupeane uzoefu: Kukarabati nyumbani fanicha ya mbao ya mtoto mchanga bila kumhatarisha

Ndugu zangu, naomba tusimuliane tuliyoyapitia katika kukarabati vitanda na viti vya mbao vilivyoharibika vya watoto wachanga, na hasa ni wapi mlikubali kutengeneza na ni wapi mlikataa. Naanza mimi. Kitanda alicholalia binti yangu nilikitoa stoo kwa ajili ya mdogo wake, nikakuta mguu mmoja unacheza na fito mbili za ubavuni zimepasuka. Mguu haukunipa shida: tundu la skrubu lilikuwa limepanuka, kwa hiyo nililitoboa upya kwa kekee ya milimita 10, nikagongomea kijiti cha mbao ngumu kilichopakwa gundi, nikaacha siku nzima, kisha nikatoboa katikati yake tundu jembamba la skrubu. Fito ndizo zilizonisumbua. Nilizigundisha, nikazibana kwa jiliwa, na kwa macho zilionekana nzima kabisa. Lakini nilipoukandamiza ufito mmoja kwa kiganja ulifunguka palepale, nikamuwaza mtoto aliyejifunza kusimama, akiutikisa ubavu ule kwa mikono miwili. Nimezing'oa zote mbili, na sasa ninatafuta ushauri kabla ya kuweka mpya.

Fundi seremala
Umefanya vyema kuzing'oa. Ufa unaofuata nyuzi za mbao hushikana vizuri kwa gundi, lakini ufa unaozikata nyuzi haushiki, kwa sababu gundi hupata ncha za nyuzi tu, nazo huinywa kabla haijafunga. Ufito mpya uwe na nyuzi zilizonyooka kutoka ncha hadi ncha, usiwe na kifundo. Kwangua gundi ya zamani yote ndani ya matundu, kwani gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya gundi iliyokwisha kukauka. Nimewahi kurudishiwa kazi kwa kosa hilo, na kiungo kilitoka safi kama hakikupakwa kitu. Ukimaliza, pima nafasi kati ya fito: kanuni za Marekani zinataka isizidi takriban sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye huku kichwa kikabaki kimenasa. Usiikisie kwa macho.

Mama wa watoto watatu
Yangu ni ya rangi, na bado inaniumiza kuisimulia. Nilipewa kiti cha kulia cha mtoto kilichopita mikono mingi, chenye matabaka ya rangi yaliyobanduka, nikaanza kukipiga msasa mkavu ndani ya nyumba huku mwanangu akitambaa chumba cha pili. Dada yangu alipopiga simu akaniuliza kiti kina umri gani, nikashindwa kumjibu. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na Marekani yenyewe iliikataza rangi hiyo majumbani mwaka 1978 tu. Vumbi lake huingia mwilini kwa kupumua na kwa vidole vinavyoingia mdomoni, kisha huathiri ubongo wa mtoto unaoendelea kukua. Nilisimamisha kazi, nikapangusa sakafu yote kwa vitambaa vibichi, nikampeleka mtoto kupimwa damu. Namshukuru Mungu, majibu yalikuwa mazuri. Kile kiti sikukimalizia. Kama hujui rangi ni ya lini, tafadhali usiiguse kwa msasa kabla haijapimwa.

Babu
Mimi nilikataa kutengeneza. Kitanda kilikuwa na ubavu wa kushuka na kupanda, na komeo lake lilikuwa limekatika. Nilikwisha kukata kipande cha chuma cha kulibadilisha, ndipo nikasoma kwamba vitanda vya namna hiyo vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa ubavu ulipoachia na kufa. Nilikibomoa, mbao zake nikatengenezea rafu.

Mama kijacho
Naomba kuuliza: baada ya kupaka kitanda rangi mpya, nisubiri muda gani kabla ya mtoto kukilalia?

Fundi seremala
Mama, rangi ya maji hukauka mgusoni kwa saa chache, lakini kukomaa kwake huchukua wiki kadhaa, na mtoto anayeota meno huguguna ukingo wa juu wa kitanda. Chagua rangi ambayo kopo lake linasema inafaa kwa vifaa vya kuchezea watoto, paka matabaka membamba, na kitanda kikae penye hewa hadi harufu iishe kabisa. Mimi huwaambia watu wasipungue mwezi mmoja. Ukitumia mafuta ya mbegu za kitani badala ya rangi, usikunje kamwe vitambaa vilivyolowa mafuta hayo, kwa kuwa hujipasha joto vyenyewe hadi vikashika moto. Vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka viwe vikavu.