Ruzuku zote zishikwe na timu moja makao makuu, au kila mradi ujisimamie?

Wakuu habari zenu, ofisini kwetu (NGO yenye miradi mikoani) hii ni wiki ya pili tunabishana, mkurugenzi anataka mikataba ya wafadhili, bajeti na ripoti zitoke kwa mameneja wa miradi ziende kwa timu moja Dar, wenzetu wa mikoani hawataki kabisa, wanasema posho za wahudumu wa jamii zitakaa wiki tatu zikisubiri saini ya mtu ambaye hata Kasulu hajawahi kufika.

Mimi nasema timu iwepo. Shirika nililotoka kabla ya hapa lilikuwa na miradi mitano, kila mmoja na mhasibu wake na eksel yake. Kuna ofisa ufuatiliaji mmoja alikuwa amewekwa asilimia 60 ya muda wake mradi huu na asilimia 60 mradi ule, na hakuna aliyeiba jamani, kila meneja alijaza ya kwake bila kujua mwenzie kajaza nini. Odita akaziweka taimshiti mbili (fomu za muda wa kazi) pamoja, mtu mmoja anafanya kazi asilimia 120! Gharama ikakataliwa, tukarudisha hela kutoka akiba yetu wenyewe, maana huwezi kuchukua ya mfadhili mwingine ukalipia deni la huyu. Iliniuma sana.

Halafu ikaja Januari 2025, Trump kasaini tarehe 20 misaada ya nje isimame siku 90, barua za kusitisha kazi zikaanza kuingia, bodi ikauliza kitu kimoja tu: nani hapa analipwa na hela ya Marekani na nani hapana? Ilituchukua siku nne kujibu. Siku nne watu hawajui kama wana kazi.

Na sheria zetu pia, kanuni za NGO za 2018 hapa Tanzania zinataka ukipata ufadhili wa zaidi ya shilingi milioni 20 mkataba ufike kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10. Kama kila mradi unasaini kivyake nani anahesabu hizo siku?

Ila hofu ya watu wa fildi ni ya kweli, nimekaa fildi naijua. Ndo maana naona timu isiguse malipo ya kila siku, meneja atumie mwenyewe ndani ya bajeti iliyopitishwa, timu ishike mikataba, tarehe za ripoti, mgawanyo wa mishahara na yale mashirika madogo tunayoyapa hela. Watu watatu wanatosha.

Ninapokwama ni mishahara ya hao watatu. Wamarekani tangu Oktoba 2024 walipandisha fungu wanaloruhusu kwa gharama za uendeshaji wa ofisi kutoka asilimia 10 hadi 15 kwa shirika ambalo halijakubaliana nao kiwango chake lenyewe, lakini sasa hela yenyewe iko wapi, na wafadhili wengine wengi wanatoa chini ya hapo. Waliofanikiwa kuunda timu kama hii mliilipa kutoka fungu gani? Na nyie wa mikoani, malipo yalichelewa kweli au ilikuwa hofu tu?