Mjadala: Je, kuwaandikia watoto maarifa ya uwindaji ni kuwafunza ujangili?

Waungwana wa Lamu na Malindi, naomba maoni yenu. Mimi ni Mwaweer, wa jamii ambayo wengi mnaiita Waboni, na nimeanza kuwaandikia vijana wetu niliyoyapokea kwa wazee wa vijiji vya Basuba na Mangai: kusoma nyayo, kuupima upepo kabla ya kumkaribia mnyama, na kumpigia mluzi yule ndege anayemwongoza mtu hadi penye asali. Mwalimu mmoja ninayemheshimu amenionya kwamba, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, maandishi ya namna hiyo yatawapeleka watoto kizimbani.

Hofu yake naielewa, lakini sikubaliani naye. Sheria imekataza kuua mnyama, haikukataza kujua alikopita, na hata askari wa wanyamapori anayemfuata jangili huitegemea elimu hiyohiyo ya nyayo. Isitoshe, Katiba ya 2010 inazihesabu jamii za wawindaji miongoni mwa zilizotengwa, na Ibara ya 56 inaitaka serikali izisaidie kukuza utamaduni na lugha zao.

Nilichosita kukiandika ni sumu ya mshale. Mzee humwangalia kijana miaka mingi kabla ya kumwonyesha mti wenyewe na namna ya kuuchemsha, ilhali kitabu husomwa na yeyote aliyekiokota. Sura hiyo nimeiacha, na baadhi ya jamaa zangu wananilaumu kwamba nimekata mkia wa habari.

Jibu kutoka Malindi

Ndugu yangu, mimi ni wa Waata, ambao majirani hutuita Wasanye au Waliangulu. Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, babu zetu waliowinda ndovu kwa upinde waligeuka majangili katika nchi waliyozaliwa, kwa hiyo tofauti yako hiyo kati ya kuua na kujua haikutusaidia sana: aliyefungiwa msitu hana pa kuzisoma nyayo. Kwenu pia, tangu Linda Boni, operesheni ya vikosi vya usalama dhidi ya al-Shabaab katika msitu wa Boni, ilipoanza mwaka 2015, kuingia msituni kumekuwa kwa mashaka. Andika, lakini pamoja na kitabu mdai wazee waruhusiwe kuwapeleka vijana msituni, walau kufuata nyuki, na uanze kwa Kiaweer kabla ya Kiswahili. Juu ya sumu, nakuunga mkono bila sharti.