Nabandika picha kwa kanga na singa za mkonge, mwenye duka anataka nirudie ile ile kila wiki. Nikubali?

binti_chumbageni

Wakuu habari za saa hizi, naomba mawazo ya wale mnaoishi kwa sanaa. Niko Tanga mjini, mchana nashona sare za shule kwa mtu, jioni na jumapili nafanya picha za kubandika, ile wanaita kolaji. Nachukua vipande vya kanga, magazeti, mifuko ya saruji ile ya kaki, tiketi za basi, singa za mkonge anazoniletea ndugu yangu aliyeko shambani, nabandika kwenye plaiwudi afu napitisha akriliki na wino mweusi juu yake. Nyingi ni wanawake wa Ngamiani wamekaa barazani, wauza samaki wa Deep Sea, na watu wa korona (kile kiwanda cha kuchakata mkonge kutoa singa), maana shangazi zangu walifanya kazi mkongeni na hizo habari nimekua nazisikia.

Sasa kuna mwenye duka la vitu vya watalii kaipenda moja, mama anaanika singa, na singa zenyewe ni za kweli zimetokeza nje ya picha mpaka juu ya fremu. Anataka nimfanyie hiyo hiyo kila wiki kwa elfu 25, na anataka aipige picha aichape kwenye tisheti na mikoba. Kodi ya nyumba haisubiri, hilo nalijua, ila nikifikiria kuirudia mkono unakuwa mzito kabisa. Je nikubali? Kuna mtu anayeishi kwa kazi ya namna hii kweli? Na jingine, masika yakiingia karatasi zinavimba na ukungu unaota, wenzangu wa pwani mnafanyaje?

fundi_fremu_bgm

Mimi naanza na ukungu maana ndo unaoua kazi za watu huku pwani, hayo ya soko wenyewe watakuja. Niko Bagamoyo natengeneza fremu, kazi za wasanii zinapita mkononi kwangu kila siku.

Kama unatumia uji wa unga wa ngano kubandikia acha leo hii, ule ni chakula, ukungu unakula na mende wanakula. Chukua gundi nyeupe ya maseremala, kwa karatasi nyepesi izimue na maji kidogo, kwa kitambaa na singa iache nzito. Halafu plaiwudi: wengi wanapaka upande wa picha tu, mgongo na kingo wanaacha wazi, unyevu unapitia nyuma na ubao unapinda. Paka vanishi mbele, nyuma na kingo zote nne kabla hujabandika hata kipande kimoja, ikikauka pitisha msasa mwepesi mbele ili gundi ipate pa kushika.

Mapovu yanatokana na haraka. Karatasi ikilowa inatanuka, ukiilaza kabla haijamaliza kutanuka itakuja kutanukia pale pale ubaoni na haina pa kwenda ndo inavimba. Kwahiyo paka gundi mgongoni mwa karatasi, iache kidogo ilegee, paka na ubao, ndo uilaze, sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kipande cha kadi ngumu, funika na nailoni, weka ubao mwingine na matofali juu hadi kesho yake.

Na gazeti dada, gazeti halidumu. Linatengenezwa kwa mti uliosagwa bila kutolewa lignini, ile gundi ya asili ya mti, ndo maana likikaa kwenye mwanga linageuka njano na kukatika lenyewe. Likikupendeza litoe fotokopi kwenye karatasi nzuri, kwa mashine inayotumia wino wa unga, siyo ile printa ya wino wa maji, hiyo ukipitisha tu vanishi inachuruzika picha yote imeharibika. Mteja akitoa hela yake anataka aikute picha vile vile mwakani na miaka kumi mbele.

chuma_cha_tanga

Dada chukua hiyo kazi. Elfu 25 mara nne ni laki kwa mwezi na huna hakika nyingine. Tanga hapa sanaa haina soko, watu wananunua saa ya ukutani, sio picha ya mifuko ya saruji. Ukikataa anaenda kwa mwingine.

Mzee wa Kaole

Binti Chumbageni hujambo mwanangu. Nimeifungua picha uliyoweka hapa nikaikuza kwenye simu, pale mkononi mwa yule mama anayeanika singa ulipoacha kipande cha mfuko wa saruji bila kukipaka rangi, maandishi ya kiwandani yanaonekana kwa mbali chini ya ngozi. Mtu hafanyi vile kwa bahati, ule mkono umefanya kazi na karatasi inasema hivyo. Ndo maana najibu kwa kirefu.

Ndugu chuma_cha_tanga hajakosea kuhusu hela, laki ni laki. Lakini hesabu yake haijatoa gharama. Kama plaiwudi, gundi, vanishi na fremu vinakula elfu 18, umebaki na elfu 7 kwa jioni zote za wiki, na mgongo unaouma. Hiyo haiwezi kuwa bei ya kazi halisi ya mkono. Bei unaanzia kwenye vifaa, unaongeza muda wako kwa kiwango kile kile unacholipwa ukishona, afu unaongeza cha galari, zile kumbi za kuonesha na kuuza picha, maana galari nyingi zinachukua asilimia 30 mpaka 50 na ukisahau hiyo utajikuta unauza kwa hasara siku ya maonesho yako ya kwanza.

Kuhusu kurudia picha moja, historia ya kwetu inayo funzo. Edward Saidi Tingatinga, yule mwanzilishi wa picha za Tingatinga, kabla hajaanza kuchora Dar alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko huko kwenu. Akaanza 1968, anachorea rangi za mafuta zile za kung'aa juu ya hadibodi, vitu vya bei ya chini, akafa 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu. Waliomfuata wamelisha familia nyingi na nawaheshimu sana, lakini nenda duka lolote la watalii utaona chui yule yule ukuta mzima, mteja hajui nani kachora na wala haulizi, anauliza ipi ya bei ya chini. Wewe ukimfanyia huyu bwana ile ile kila wiki, baada ya mwaka picha zako mwenyewe zitakuwa zinashindana na picha zako mwenyewe.

Sasa swali la kuishi. Usiache cherehani. Nalisema hili bila kukudharau hata kidogo. Hannah Höch wa Berlin, mmoja wa walioanzisha ile kolaji ya picha za magazeti, aliajiriwa 1916 mpaka 1926 na kampuni ya uchapaji, siku tatu kwa wiki, kazi yake kuchora mitindo ya nguo na tarizi, na vipande vya mitindo hiyo vikaingia kwenye kolaji zake. Romare Bearden wa Marekani, aliyezaliwa 1911, alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa jiji la New York mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, anabandika usiku na siku za mapumziko. Kolaji zilizompa jina alizionesha 1964 akiwa ameshapita miaka 50. Tena alizipeleka kwa mpiga picha akazikuza kuwa kubwa, zikawa zina uso mmoja bila mapengo, kwahiyo hiyo fotokopi aliyosema fundi fremu imetumiwa na wakubwa. Na jirani yetu Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi 1972, alibandika nyuso za wanawake juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, 2019 sanamu zake za shaba zikawekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York. Wote hao walikaa na jambo moja muda mrefu mpaka likaiva.

Wewe jambo lako ni mkonge na wanawake wa mkonge. Hakuna mtu Nairobi wala Ulaya anayeweza kulifanya hilo kukuzidi, kwa sababu singa unazo, shangazi unao wa kuwauliza, na mikono imezoea nguo. Fanya mfululizo, picha kama kumi na mbili zinazozungumza pamoja, kila moja na jina, saizi, mwaka na vifaa vyake umeandika mgongoni, umezipiga picha vizuri kivulini mchana. Ukiwa na hizo ndo unagonga mlango Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, Dar, wapo tangu 2008 na wanapokea wasanii wa namna yako, njoo na huku Bagamoyo wakati wa tamasha la TaSUBa, kile chuo cha sanaa, watu wanaokuja kipindi kile wanakuja kwa sababu ya sanaa. Jisajili BASATA pia, lile Baraza la Sanaa la Taifa.

wakili_wa_mtaani

Mzee kamaliza mengi, mimi naongeza la tisheti maana hapo ndo kuna hela ambayo hamjaiona. Kumuuzia mtu picha na kumpa ruhusa ya kuichapa ni vitu viwili tofauti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakupa haki tangu siku ulipomaliza kazi, inakaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, si lazima ili uwe na haki, ila siku ya ugomvi cheti kinasaidia sana.

Kwahiyo mgeuzie dili. Mwambie bosi, ile picha moja nakuuzia kwa bei yake halali, kurudia kwa mkono sirudii, ila kuchapa nakuruhusu kwa maandishi: picha ipi, kwenye vitu gani, idadi ngapi, mpaka lini, kila tisheti inayotoka napata asilimia ngapi, na jina langu liwepo. Yeye anapata bidhaa ya kuuza kila wiki kama alivyotaka, wewe jioni zako zinabaki za picha mpya. Advansi kabla hajachapa, na karatasi isainiwe mbele ya shahidi.

binti_chumbageni

Mzee wangu shikamoo, na asanteni wote. Hilo la kuchapa halikuwahi kunijia kichwani, nilikuwa naona ni ndiyo au hapana tu. Kesho namfuata, na wewe chuma_cha_tanga nitakuja kukwambia amesemaje maana najua umesema kwa kunionea huruma. Swali moja: kanga. Mimi nakata zaidi lile jina, yaani methali iliyoandikwa, pindo naliweka kama baraza na mji, ile sehemu ya katikati, naufanya gauni. Si kanga nayo ina mwenyewe? Na picha za watu magazetini?

wakili_wa_mtaani

Methali ni ya watu wote dada, hiyo bandika. Kanga uliyoinunua ni yako kuikata, ila mchoro wake una kampuni iliyouchora, kwahiyo kwa picha zitakazoenda kuchapwa kwenye tisheti usiache kipande kizima kinachotambulika kwamba ni kanga fulani, kata kidogo kidogo, paka juu, kiwe kitu kingine. Picha ya gazeti ina mpigapicha, hapo piga zako. Simu yako inatosha, shangazi zako wapo, nenda nao shambani ukawapige wenyewe, ila waombe ruhusa na waambie zinaenda wapi.

fundi_fremu_bgm

Kanga mpya ifue kwanza mara mbili tatu, ile dawa ya kiwandani inayoifanya iwe ngumu inazuia gundi isishike. Afu ilowanishe uikandamize kwenye kitambaa cheupe, ikitoa rangi irudishe majini, nyekundu ndo zinasumbua zaidi. Singa zichane ziwe safi, zilaze kwenye gundi nzito ncha zikiwa zimefichwa chini ya karatasi, zile zinazotoka nje ya fremu zipitishie vanishi zisifumuke. Ukiweka kioo kisigusane na picha, ingiza ukanda wa kadibodi pembeni upate nafasi, na nyuma ya fremu gundisha vipande vidogo vya mti kwenye pembe zote ili hewa ipite kati yake na ukuta. Nyumba zetu za mawe na chokaa zinatoka jasho masika yote. Hilo mwambie na kila mteja wako kabla hajaondoka na picha.