Kisima kimeonyesha E. coli: je, klorini inatosha?

Swali: Ndugu, kisima kirefu tunachosimamia kimeonyesha bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi majini, ingawa maji yake ni maangavu. Je, kutia klorini kunatosha?

Jibu: Hakutoshi. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria hao wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji. Kwa hiyo waarifuni watumiaji leo hii wachemshe maji ya kunywa, kisha kagueni mfuniko na saruji inayozunguka mdomo wa kisima, kwa kuwa maji machafu ya juu ya ardhi hupenyea hapo mara nyingi, na mkishatibu maji pimeni upya.

Jibu: Naongezea kwamba klorini haiondoi naitreti wala floraidi, kemikali zinazoyeyuka majini, ambazo ukomo wake ni miligramu 50 na 1.5 kwa lita. Naitreti huhatarisha hasa watoto wachanga, na kuchemsha huongeza kiwango chake, kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki.