Naomba ushauri: napimaje ukinzani wa mtama dhidi ya kayongo?

Habari zenu wanachama. Niko Kisumu, nasomea uzalishaji wa mimea, na ninachora ramani ya jeni zinazoupa mtama ukinzani dhidi ya kayongo (striga), gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Nimechanganya aina ya SRN39 na mtama wa kienyeji wa huku, kisha nikaacha kila ukoo ujichavushe hadi ukatulia.

Jeni ya LGS1, iliyo kwenye kromosomu ya 5, inajulikana tangu 2017. SRN39 haina jeni hiyo, hivyo mizizi yake hutoa zaidi kemikali ya orobankoli badala ya 5-deoksistrigoli, ile inayoamsha sana mbegu za kayongo, na mbegu nyingi haziamki. Mimi natafuta kilichopo zaidi ya hapo, hasa kwenye huo mtama wetu ambao akina mama hapa wanasema "huvumilia".

Shida ni shamba. Kayongo haijasambaa sawasawa: kona moja imejaa maua ya zambarau, hatua chache mbele hakuna hata mche. Ukoo ukionekana safi, ni ukinzani au ni bahati ya mahali? Nikipima maabara kwenye sahani za agari (jeli ya kuoteshea mbegu), nitaona uotaji wa kayongo tu. Ukinzani unaoanza kayongo ikishashika mzizi utanipita, na uvumilivu pia, yaani mtama kuzaa vizuri ingawa umeshambuliwa.

Waliowahi kufanya hivi: nichanganye mbegu za kayongo na udongo katika kila shimo, au nitumie vyungu? Na nihesabu miche iliyochomoza pekee, au nipime na mavuno? Nisaidieni kabla ya mvua za Machi, tafadhali. Wakulima wa huku wanaungoja sana mtama huu.