SIGPIPE: kuipuuza, MSG_NOSIGNAL au SO_NOSIGPIPE? (seva ya C, Linux kwenda macOS, FreeBSD na Windows)

FundiSoketi
Wakuu, naomba mawazo. Seva yangu ya C haina shida kwenye Linux: kila send() ina MSG_NOSIGNAL (bendera inayozuia SIGPIPE, ishara inayoua programu ikiandikia muunganisho uliofungwa), mteja akikata napata EPIPE, yaani msimbo wa kosa tu, nafunga soketi, kazi inaendelea. Nimeihamishia Mac yenye mfumo wa zamani, kompaila ikagoma kwa sababu MSG_NOSIGNAL haipo. Nikaipa thamani ya 0, ikakubali. Sasa mteja akikatiza upakuaji seva inakufa kimya, logi haina kitu. Shell inaonyesha 141, yaani 128 + 13, na 13 ndiyo SIGPIPE. Baadaye inakwenda FreeBSD na Windows. Mngechagua njia ipi?

mzee_wa_BSD
signal(SIGPIPE, SIG_IGN), yaani puuza ishara hiyo, mwanzoni mwa main(), basi. Mstari mmoja, Unix zote zinauelewa. MSG_NOSIGNAL ni ya send() na ndugu zake tu. Write(), writev() na sendfile() hazina pa kuiweka. Ukiwa na OpenSSL (maktaba ya usimbaji wa mawasiliano) ndiyo kabisa: SSL_write() huishia kwenye write(), kwa hiyo bendera yako haifiki huko.

pwani_dev
Naafiki kama programu ni yako. Kwa maktaba napinga kabisa! Mpangilio wa ishara ni wa mchakato mzima, huna ruhusa ya kumbadilishia mwenye programu. Huko tumia SO_NOSIGPIPE kwenye macOS: unaiweka mara moja kwa setsockopt() na inakinga hata write(). Linux haina hiyo, tumia MSG_NOSIGNAL. FreeBSD ina zote mbili.

Jambo lingine: SIG_IGN inavuka exec(), mwito wa kuzindua programu nyingine. Programu utakayoizindua itairithi, na zipo nyingi zinazotegemea kuuawa na SIGPIPE pale msomaji wa bomba (pipe) anapoondoka. Python nayo hupuuza SIGPIPE inapowaka, na tangu 3.2 subprocess huirudisha kabla ya kuzindua mtoto. Fanya hivyo hivyo: SIG_DFL (tabia ya kawaida ya ishara) baada ya fork() inayozaa mtoto, kabla ya exec().

FundiSoketi
Hiyo ya exec() inanihusu, seva inaita gzip (programu ya kubana data). Asante mkuu, nakwenda na SIG_IGN na kurudisha SIG_DFL kwa mtoto. Windows je?

nyavu_na_nanga
Windows haina SIGPIPE, ila makosa yake yana njia yake. send() ikirudisha SOCKET_ERROR, uliza WSAGetLastError(), errno haitakusaidia. Tarajia 10054, WSAECONNRESET, na pia 10053, WSAECONNABORTED, ambayo wengi huisahau. Usiandike nambari kwenye msimbo: hata ECONNRESET ni 104 kwenye Linux na 54 kwenye macOS na FreeBSD. Tengeneza funksheni moja, mathalani imekatika(), tofauti zote za mifumo zikae humo.

Kama una UDP (itifaki isiyo na muunganisho, soketi moja huhudumia wateja wengi), chunga zaidi. Kwenye Windows, ukimtumia pakiti mteja aliyekwisha kufunga poti yake, recvfrom() inayofuata inaweza kurudisha 10054. Ukifunga soketi hapo, umewakata wateja wote kwa ajili ya mmoja aliyeondoka.

mzee_wa_BSD
Na ukijaribu, usiandike mara moja tu. Mteja akifunga, send() ya kwanza kwa kawaida inafaulu, maana data inaingia kwenye bafa ya keneli. RST (pakiti ya kuvunja muunganisho) ikisharudi, ndipo uandishi unaofuata unapigwa na SIGPIPE. Nimeona majaribio mengi yanapita kijani kwa sababu hiyo.

FundiSoketi
Na umeme ukikatika upande wa mteja?

pwani_dev
Hapo hakuna RST wala FIN (pakiti ya kufunga muunganisho kwa utaratibu). Ukiwa na data njiani, Linux kwa tcp_retries2 (kikomo cha kutuma tena) ya 15 hukata tamaa baada ya kama dakika 15 hivi. Ukiwa kimya unasubiri tu, hutajua. SO_KEEPALIVE (chaguo la keneli kuuliza kama upande wa pili bado upo) kwa kawaida huanza kuuliza baada ya sekunde 7200, na kuipunguza kuna majina tofauti: TCP_KEEPIDLE kwenye Linux, TCP_KEEPALIVE kwenye macOS. Mimi naweka ujumbe mfupi wa "upo?" ndani ya itifaki yenyewe kila sekunde 30, asiyejibu mara mbili namfungia. Msimbo ni ule ule kila mfumo.